Makopo Yasiyotumika

Mwene-Ditu, 6 Machi 1994

Mpwa wangu Joëlle,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako namsalimu mama yako Madeleine, dada yangu wa pekee, pamoja na baba yako. Mwambie Madeleine kwamba shuka zake mbili zilifika salama. Sisi huku tunaishi. Nyumba tuliyopewa na parokia ina mabati upande mmoja, na upande wa pili tumefunga turubai. Wengi tuliofukuzwa nao Likasi mwaka jana bado wanalala madarasani. Tuliambiwa turudi kwetu, na mimi nikaletwa mji ambao sikuwahi kuuona, kwa sababu babu yangu alizaliwa upande huu; ninyi mlisalimika kwa kuwa baba yako ni mwenyeji wa huko. Asubuhi nafundisha sarufi, na wanafunzi wananilipa mihogo. Yatosha kuhusu sisi.

Sasa niingie katika shauri lenyewe. Nimepokea mafumbo ya programu yaliyotungwa na Kundi lenu la Jumamosi. Nimefurahi kwamba kundi nililolianzisha katika ukumbi wa parokia halikuondoka pamoja nami katika lile behewa la waliofukuzwa. Umeniandikia kwamba kompyuta ya zamani, ile tuliyopewa na ofisi ilipofungwa, haijapata umeme tangu Krismasi, na kwamba Germain ndiye mashine. Mmepanga makopo ya sardini mezani, kila kopo ni sehemu ya kumbukumbu, na punje za mahindi ndizo namba. Mtunzi anasoma amri za programu yake moja moja, naye Germain anazitekeleza: anatoa punje hapa, anaongeza pale. Hamkuweza kuchagua vema zaidi. Tulikaa ofisi moja tangu ujana wetu, na sijapata kumwona akiruka amri hata moja.

Kabla sijasahihisha, nawakumbusha kanuni zangu. Fumbo la mwenzio hulipigi rungu. Sifa hutangulia, nayo iwe ya kweli. Kosa hufuata, na liwe moja kwa wakati mmoja. Kisha unatoa mfano unaolivunja fumbo, ili mtunzi aone kwa macho yake. Na jina la mtunzi halitajwi, maana tunachohukumu ni kazi.

Fumbo la wachuuzi wanaokwenda Kapolowe kununua mahindi lina sifa hii: limetoka katika maisha, na kila mtu analielewa. Kosa lake ni kwamba mtunzi hakufikiria siku isiyo na baiskeli. Mfano: andika baiskeli sifuri. Germain ataondoa sifuri katika magunia, atarudi juu, ataondoa sifuri tena, na hivyo hivyo mpaka ateremke kaburini. Wekeni amri ya kumzuia.

Tena jibu mliloniletea limepungua kidogo. Nimelipigia hesabu mara mbili kwa mkono. Chunguzeni.

Mjomba wako,
Clovis

*

Likasi, 15 Mei 1994

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Kamina karibu mwezi mzima kwa kukosa treni. Mama amelia aliposikia habari ya turubai, kisha akasema afadhali turubai kuliko mbingu. Baba anaamka kila asubuhi na kwenda kiwandani Shituru ingawa hakuna kazi. Anakaa kwenye benchi la mlangoni pamoja na wenzake, wanaangalia mabomba yanavyoshika kutu. Anasema asiyeonekana atafutwa jina. Mama anauza makaa sokoni Kikula. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja siku ya Pasaka, tukakimbilia ukumbini, na kabla kioo cha kompyuta hakijawaka ukakatika tena.

Mama Clotilde mkeo hajambo? Hukumtaja. Mama anauliza kama mguu umepona.

Barua yako ilisomwa mbele ya kundi zima. Papa Germain mwenyewe ndiye anayekwenda stesheni kuuliza barua kwa makondakta, na ndiye anayezisoma, amesimama wima, amefunga vifungo vyote vya koti lile la ofisi. Alipofika penye sifuri na kaburi alicheka mpaka akashika meza. Akasema, “Clovis huyu! Iko mbali vile, na bado anatafuta kuniua na sifuri!”

Chadrack akamwambia, “Papa, tutatia amri ya kukuzuia.”

“Tieni mbiyo,” akasema. “Mashini haina na tumbo, lakini iko na miguu, na miguu inachoka.”

Tumeweka amri hiyo. Naambatisha mafumbo matatu mapya. Yana namba kubwa kuliko yale ya kwanza, na makopo mengi zaidi. Tafadhali, Mjomba, usishangae sana. Ndivyo kundi lilivyopenda.

Mpwa wako,
Joëlle

*

Mwene-Ditu, 10 Julai 1994

Mpwa wangu Joëlle, na ninyi nyote wa Kundi la Jumamosi,

Salamu kwa kila mmoja, na kwa Germain zaidi. Huku jua ni kali na kisima cha parokia kimeshuka. Nimepata wanafunzi wapya wawili. Uliuliza habari za nyumbani. Nyumba ipo.

Nimeyasoma mafumbo yenu matatu kwa makini, na nasikitika. Lile la foleni ya bomba, ambalo linauliza nani atajaza ndoo kabla maji hayajakatika, lina wazo zuri. Hiyo ndiyo sifa yake, na ni sifa ya kweli. Lakini limeandikwa vibaya kiasi kwamba nimejiuliza kama mimi niliwafundisha kitu.

Kwanza, kwa nini foleni ianze na watu mia nne? Fumbo jema hupimwa kwa namba ndogo ambazo jicho linaweza kuzifuata. Watu watano wangetosha. Pili, mmejaza makopo ambayo hakuna amri yoyote inayoyagusa. Kopo la nane, la tisa, la kumi, yote mnayatia punje mwanzoni, na hayasomwi mpaka mwisho. Mafumbo yote matatu yana kasoro hiyo hiyo, kana kwamba mmeambukizana. Tatu, programu inakwisha na kuacha mabaki kila mahali, nanyi mnaandika chini yake: “Mashine itafuta kumbukumbu.” Kwa nini mashine ifanye kazi ambayo mtunzi ameikimbia?

Mambo yasiyotumika ni uvivu. Nyumba ya mtu makini haina kiti ambacho hakikaliwi.

Na majibu bado yanapungua. Kama programu ni sahihi na jibu ni pungufu, basi kuna punje zinazopotea kati ya kopo na kopo. Nitalifikiria jambo hilo. Kwa sasa ondoeni makopo ya bure, punguzeni namba, mniletee upya.

Clovis

*

Likasi, 28 Agosti 1994

Mjomba,

Barua hii haipiti stesheni. Nampa Idi, baba yake Tausi wa kundi letu, ambaye anapeleka lori la chumvi na sabuni Mwene-Ditu na anaondoka Jumanne. Ameapa kukukabidhi mkononi. Kwa hiyo nisamehe nikiandika bila mpangilio wa salamu. Kwetu tu wazima. Naandika ambayo siwezi kuandika katika zile barua nyingine, maana zile anazisoma Papa Germain.

Punje hazipotei. Papa Germain anazila.

Tausi ndiye aliyeona kwanza, mwezi wa pili. Papa alipokuwa anahamisha punje alipitisha mkono mdomoni, kama mtu anayejipangusa ndevu. Mahindi makavu, Mjomba, bila kuchemshwa. Alitafuna polepole sana ili tusisikie. Hajapata mshahara muda ambao sisi tumechoka kuuhesabu. Mama Rosalie mkewe ni mgonjwa, na wana wajukuu watatu ndani. Unamjua. Koti lilelile, kiatu kimepakwa rangi, na mfupa wa shavu unaonekana kama kisigino.

Tausi alimpelekea kibakuli cha unga. Akarudishiwa mlangoni. “Mutoto, minye niko mukubwa wa jamaa,” alimwambia. “Peleka kwa benye njaa. Minye siombake.” Masista walimwita kwenye supu ya wazee, akajibu kwamba yeye hajazeeka.

Ndipo Chadrack akasema jambo moja tu: “Tuongeze makopo.” Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tangu siku hiyo kila mmoja anakuja na konzi ya mahindi, na mwenye nacho anakuja na konzi mbili, na tunasema ni namba za fumbo. Fumbo likihitaji watu watano tunaandika mia nne. Kopo la nane, la tisa na la kumi hatuyagusi. Programu ikiisha, kufuta kumbukumbu ni kazi ya mashine, na sisi wote tunatoka nje kuangalia kama umeme umerudi. Tukirudi, makopo ni matupu na koti la Papa limevimba mifukoni. Jumamosi moja mvua ilinyesha, tukasimama nje vilevile.

Hakuna aliyemtajia, naye hajatutajia. Hivyo anakula bila kuomba.

Barua yako ya Julai aliisoma yote kwa sauti, hakuruka neno. Alipomaliza alikunja karatasi na kusema, “Clovis iko na raison. Anasemaka kweli tu.” Tumebishana naye majuma matatu ili makopo yabaki.

Nakuomba jambo moja. Yasifu mafumbo yetu mabaya. Sema ni mazuri.

Na Mama Clotilde?

Joëlle

*

Mwene-Ditu, 18 Septemba 1994

Ndugu yangu Germain, na Kundi zima la Jumamosi,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi sijambo. Mvua za kwanza zimenyesha, na turubai limeonyesha udhaifu wake.

Safari hii nakuandikia wewe, Germain, kwa sababu tatizo limekuwa la mashine, na mashine ni wewe. Usikasirike. Sijawahi kukutilia shaka, wala leo sikutilii. Nimetafuta chanzo cha kupungua kwa majibu, na nimekipata: ni mahindi yenyewe. Punje ni nyepesi, inateleza, inabaki chini ya kucha, panya anaichukua, mtoto anapita na kuiokota. Kitu kinachoweza kuliwa hakifai kuwa namba.

Tumieni mawe. Stesheni kuna kokoto nyingi za reli, zote za ukubwa mmoja. Jiwe halipungui. Na kwa kuwa mawe ni mazito, watunzi wataacha wenyewe tabia ya kuandika namba kubwa na kujaza makopo ya bure. Kwa dawa moja tutaponya magonjwa matatu.

Wewe ni mtu wa utaratibu. Naliweka jambo hili mikononi mwako.

Joëlle, mpwa wangu, muda mrefu umepita bila barua yako. Natumaini hukuudhika. Ninawasahihisha kwa sababu kazi yenu inastahili kusahihishwa.

Clovis

*

Likasi, 16 Oktoba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Mama na baba wanakusalimu. Papa Germain anakusalimu pia. Atausoma ukurasa huu kabla ya kuupeleka stesheni, hivyo salamu zake ni za kweli.

Tumefuata agizo lako. Mimi nilisema mahindi yanaonekana vizuri zaidi katika makopo. Chadrack alisema kokoto zitatoboa makopo. Tausi alisema zina mafuta ya treni. Papa Germain alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Bakubwa balishasema. Clovis ananiandikia minye, jina yangu njo iko pale juu. Munataka nifanye sawa sikusoma?” Akaenda stesheni peke yake na gunia, akaokota kokoto, akazibeba mgongoni mpaka ukumbini. Alipumzika njiani mara nyingi, wanasema waliomwona. Hakukubali kusaidiwa.

Mahindi yaliyokuwa yamebaki aliyarudisha kwa kila mmoja wetu konzi kwa konzi, akaomba radhi kwa yaliyopungua.

Nilidhani Idi amekwisha kufika kwako. Ingawa unasema hujapata barua yangu, bila shaka amefika, nawe umesoma, na hivi ndivyo ulivyoamua. Wewe ni mkubwa wangu, siwezi kukuhoji.

Majibu yote sasa ni sahihi. Hakuna hata moja linalopungua.

Joëlle

*

Mwene-Ditu, 13 Novemba 1994

Mwanangu Joëlle,

Idi amefika Ijumaa. Lori lilivunjika ekseli ng'ambo ya Kamina, akangoja chuma kipya muda wote huo huku akilinda chumvi yake. Barua yako ya Oktoba ilikuwa imemtangulia kwa siku tatu. Nilikuwa nimeisoma na kufurahi. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba Likasi majibu sasa ni sahihi.

Kisha nikasoma ya Agosti.

Rudisheni mahindi. Leo, kabla ya kitu kingine. Mawe yatupeni. Semeni Clovis amekosea, semeni Clovis amezeeka, na kwamba jiwe linakwaruza kopo na kuharibu kumbukumbu. Ukurasa wa pili wa barua hii ni wa Germain na kundi, unaweza kusomwa kwa sauti. Huu wa kwanza uchome.

Idi anageuza lori kesho. Nimempa gunia moja la mahindi. Nimetunga fumbo, na gunia hilo ndilo namba zake. Mwambieni Germain kwamba halitekelezeki kwa namba nyingine. Linaanza na mia tano. Lina makopo ishirini. Kumi na mawili kati yake hayaguswi na amri yoyote, na sitaki mtu aniulize sababu. Mwisho wake mashine inafuta kumbukumbu. Mwisho huo usiharakishwe. Tokeni nje, mkae huko.

Umeniuliza mara mbili habari za Mama Clotilde. Hakufika Mwene-Ditu. Amezikwa Kaniama, kando ya reli, kulia kwa mtu anayetoka Likasi. Treni ilisimama pale muda mrefu, na unga wetu ulikuwa kidogo. Kila jioni alinipa sehemu yangu, na kila jioni aliniambia yeye amekwisha kula. Nilimwamini kwa sababu aliisema sentensi hiyo vizuri. Mwambie mama yako. Mimi sikuweza.

Mpe Germain mkono wangu. Mwambie mashine ina tumbo. Hapana, usimwambie hivyo. Mpe mkono tu.

Clovis

*

Likasi, 18 Desemba 1994

Mjomba wangu,

Mama ameweka kilio cha Mama Clotilde nyumbani kwetu siku mbili, bila maiti, na majirani walikuja na kuni. Sasa anasema akipata treni atashuka Kaniama. Baba bado anakaa kwenye benchi la Shituru.

Papa Germain tulimzika Jumatano, tarehe 23 Novemba. Lori la Idi liliingia Likasi Jumamosi iliyofuata.

Alikuja ukumbini mpaka Jumamosi ya mwisho kabla ya kifo chake. Siku hiyo alitekeleza fumbo la Tausi ameketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alishika kila jiwe kwa mikono miwili. Tausi alikuwa amelifupisha ili lisimchoshe, watu watatu tu katika foleni na ndoo tatu. Alipomaliza akasema, “Fumbo muzuri. Hakuna kitu ya bure ndani.” Akafunga vifungo vya koti. Chadrack alimsindikiza mpaka kona ya mtaa wa Panda, hapo akamrudisha: “Rudia hapa, mutoto. Mashini inajua njia.” Mama Rosalie anasema usiku ule alikataa bukari ya unga kidogo iliyokuwepo, akasema alikula ukumbini.

Ukurasa wako wa pili hakuusoma. Tuliusoma sisi, uani kwake, wakati watu wangali wamekaa kwenye mikeka ya kilio. Tulipanga makopo ishirini juu ya meza yake. Chadrack alikuwa mashine. Ilichukua muda mrefu, na wazee wa kilio wakawa wanaangalia punje. Programu ilipoisha tulisimama sote, na waliokuwa mikekani pia, tukatoka barabarani. Tulikaa huko. Mama Rosalie alibaki ndani na wajukuu. Tuliporudi, makopo yalikuwa matupu, na gunia lilikuwa limekwisha kuingizwa chumbani.

Sasa nakuandikia maoni ya kundi juu ya fumbo hilo, kwa kanuni ulizotufundisha.

Sifa: limetungwa na mtu anayejua kwamba kopo lisilotumika lina kazi yake. Hatujawahi kupokea fumbo jema kuliko hili.

Kosa: lilitungwa baada ya mawe.

Mfano unaolivunja: tulihesabu jibu mara mbili, mchana, mbele ya watu wote. Lilitoka kamili, Mjomba. Hakuna hata punje moja iliyopungua.

Jina la mtunzi hatukulitaja.

Joëlle